Ubeti wa Fundi wa Tofali

Kuna mistari miwili niliyoitunga nikiwa kidato cha pili, na sijawahi kutamani kitu maishani kama ninavyotamani kuifuta. Haifutiki. Kilichoandikwa unaweza kukichana, au ukakitia jikoni ukachemshia chai. Kilichoimbwa na kina mama kumi na wawili wenye ngoma mapajani kimeshatoka, na kila aliyekisikia amekwenda nacho kwake. Nimejaribu kukirudisha, tena si mara moja, na nitasimulia nilivyojaribu.

Siku hizi naishi Dodoma mjini na riziki yangu inatoka kinywani. Nasoma matangazo ya biashara katika chumba kidogo tulichobandika magodoro ukutani ili sauti isirudi. Unga wa sembe, vitanda, vyuo vya ualimu, dawa ya mba: vyote nimevisifia, na vingine sijawahi hata kuviona. Gari la matangazo likipita mtaani nasikia sauti yangu mwenyewe ikinihimiza niwahi ofa kabla haijaisha. Wateja wananiambia nina kipaji. Nikilisikia neno hilo nageuza mazungumzo, kwa sababu mara ya kwanza kuambiwa hivyo nilikuwa nimetoka kumfukuza mtu kijijini.

Kwetu ni upande wa Chamwino. Kwetu wanawake ndio wapiga ngoma, ile tunayoiita muheme, na mama yangu ndiye aliyekuwa kiongozi wa kikundi cha kijiji chetu. Yeye anaanzisha, wenzake wanaitikia. Mikono yake ilikuwa mizuri kuliko ya wote, na hilo hakuna aliyelibisha, hata wale wasiompenda. Lakini mikono peke yake haitoshi. Kila harusi inataka ubeti mpya, na ubeti unataka mtu wa kutajwa. Leo anaimbwa mwalimu anayelala kanisani, kesho mama fulani ambaye mlenda wake unavutika kutoka chunguni hadi mlangoni. Aliyetajwa huona aibu kidogo, kisha hutoka mbele akamtunza mwimbaji. Kutotajwa kabisa ndiko kubaya. Unaweza kuishi pale miaka kumi, ukalima, ukazika na watu na kuchangia misiba, na kama hujaimbwa bado wewe ni mgeni.

Mama alikuwa na mikono, maneno yalikuwa kwangu. Alishaligundua hilo tangu nikiwa darasa la tano, na harusi ikikaribia alikuwa ananiita jikoni, ananipa kazi ya kuchambua mlenda, halafu anasema kama anayeomba chumvi, haya, tumwimbe nani safari hii. Nilikuwa najisikia mkubwa. Niseme ukweli, nilikuwa najivuna. Watoto wenzangu walijua kuruka kamba, mimi nilijua kuwachekesha wazee.

Yule fundi wa tofali alikuwa ametoka Kondoa na mke wake na mtoto wa kike aliyekuja akibebwa mgongoni; mwaka wa ubeti ule alikuwa na miaka mitano hivi. Miaka minne walikuwa wamekaa kwetu. Alikodi eneo kando ya korongo, akawa anafyatua tofali kuanzia mavuno hadi mvua zinapokaribia, anazianika, anazipanga tanuri, anazichoma. Kigogo, lugha yetu, alikijua cha biashara tu: bei, hodi, asante, kesho. Alikuwa mpole na alikuwa na zoea moja lililotuchekesha. Kila alipopigiwa simu na ndugu zake alikuja kisimani na taarifa ya hali ya hewa. Kwetu imenyesha, anasema. Kwetu tangu jana inanyesha. Sisi tumepanga foleni ya ndoo, jua limetukalia utosini, na yeye anatusomea mvua za Kondoa. Hakuna aliyemwimba bado.

Mwezi wa tisa ikawa harusi ya binti wa jirani yetu. Mama akaniita jikoni na mimi jibu nilikuwa nalo. Kwa Kigogo ulikuwa mtamu zaidi, lakini kwa Kiswahili unakaribia hivi: fundi wa tofali akitazama juu, wingu linakumbuka lina safari ya Kondoa. Ndiyo hiyo mistari miwili. Mama alicheka mpaka akaweka mwiko chini. Na mimi, naapa, nilidhani namtendea yule baba wema. Nilikuwa namkaribisha kijijini.

Alikuwepo harusini. Ngoma zilipopanda na mama akauachia ubeti, uwanja mzima ulilipuka kwa vicheko, na watu wakamgeukia. Ngoma kumi na mbili, vigelegele, Kigogo cha haraka: aliambulia neno tofali na jina la kwao, basi. Lakini alielewa kwamba ametajwa. Ule uso wake siwezi kuusahau. Alinyanyuka, akaja mbele akiyumbisha mabega vibaya sana kama wafanyavyo watu wasiojua kucheza ngoma ya wenyeji, akambandika mama noti kwenye paji la uso. Mke wake alipiga kigelegele. Waliondoka pale wakiwa wenyeji.

Mvua zetu huanza mwezi wa kumi na mbili. Mwaka ule hazikuanza. Watu walipanda uwele kwenye vumbi kama kawaida, wakasubiri. Mawingu yalikuja, ndiyo, yalikuja karibu kila alasiri, yakakaa juu ya vilima yakiwa meusi, kisha yakaondoka kuelekea kaskazini. Na Kondoa iko kaskazini. Mtu mmoja akiyaona alikuwa anaimba mstari wangu, mwingine anacheka, na mwingine hacheki tena. Ubeti ulikuwa umeshaingia kwenye simu. Mtu aliurekodi harusini, vijana wakarushiana, ukapigwa kwenye mashine ya kusaga, kisimani, kilabuni. Nilikuwa nausikia na kufurahi. Wiki mbili nzima nilifurahi.

Sijui ni siku gani hasa utani ulikwisha. Nilisikia tu wanawake wawili kisimani wakizungumza, na mmoja akasema kwamba fundi wa tofali lazima azuie mvua, maana ikinyesha tofali zake mbichi zitarudi kuwa tope. Hiyo imani ipo, si ya kijiji chetu tu. Mwenzake akaongeza kuwa ushahidi upo kwenye wimbo. Akasema hivyo: kwenye wimbo. Na kwamba alipoimbwa alitoka mbele mwenyewe akatunza, angekuwa hana hatia angekasirika. Nilisimama na ndoo yangu. Nilitaka kuwaambia kwamba wimbo ule niliutunga mimi nikichambua mlenda. Sikusema. Nilikuwa na miaka kumi na mitano na wao walikuwa wakubwa, huo ndio udhuru wangu, na haunisaidii.

Mvua ikigoma kabisa, kina mama wa kwetu wana kazi yao. Wanavaa makoti na suruali za waume zao, wanachukua ngoma, wanazunguka kijiji kuusukuma mkosi mpaka mpakani wanautupa huko. Wanaume hukaa ndani siku hiyo. Sisi wasichana tunafuata nyuma na ndoo za maji. Ilikuwa mwanzoni mwa mwezi wa kwanza, siku chache kabla ya shule kufunguliwa. Msafara ulianza vizuri, na nyimbo zilikuwa zile za zamani za kazi hiyo. Tulipofika karibu na korongo, sauti moja nyuma yetu ikaanza ubeti wangu.

Mama alikuwa mbele. Kiongozi akitaka kuukata wimbo, anabadilisha mapigo, ngoma zote zinamfuata na wimbo unakufa hapo hapo. Nilikuwa nimemwona akifanya hivyo mara nyingi. Nilitazama mikono yake nikisubiri. Haikubadilika. Baada ya kama mapigo manne aliudaka ule ubeti, akauimba yeye mwenyewe kwa sauti yake yote, na msafara ukakata kona.

Tofali zilikuwa zimepangwa mistari mirefu, mbichi, za kujengea nyumba ya mwalimu. Kijiji chenyewe ndicho kilichoziagiza. Fundi alitoka ndani, mke wake mlangoni na mtoto amejificha nyuma ya kanga yake. Alisema kwa Kiswahili kuwa jamani, tofali hizi ni zenu. Wote waliendelea kuimba. Akapita mama wa kwanza na ndoo, akamwaga. Akapita wa pili. Maji yale tulikuwa tumeyafuata alfajiri, tukayasubiri saa nyingi, na tulikuwa tunayamwaga juu ya udongo. Tofali mbichi haipigi kelele ikimwagiwa maji. Inalegea pembe, kisha inakaa chini.

Zamu yangu ilipofika aliniona. Alinijua, nilikuwa namsalimia kila siku njiani kwenda shule. Hakukasirika, na laiti angekasirika. Aliniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Na wewe?"

Nikamwaga.

Siku ya nne mvua ilinyesha. Ilinyesha kuanzia mchana mpaka giza, ikajaza korongo, ikamalizia tofali zilizobaki. Watu walitoka nje wakasimama ndani yake midomo wazi. Nilimwomba Mungu iache, na nilimwomba kwa dhati, katika mwaka wa njaa. Kama isingenyesha, wangeona wamekosea. Iliponyesha, mistari yangu miwili ikawa kweli. Bibi mmoja jirani alinishika kidevu akaniambia nina kipaji, kinywa changu kimefungua mawingu. Siku mbili baadaye yule fundi na familia yake walipakia vitu kwenye trekta la mtu aliyekuwa anapita, wakaondoka. Hawakuaga, na wangemuaga nani?

Jioni ile nilimfuata mama jikoni. Nilimwambia kwamba anajua vizuri ubeti ule ni wa kutunga, nilitania tu.

"Najua," akasema. Alikuwa anasonga ugali na hakugeuka. "Ungetaka niukate wimbo mbele ya watu wenye hasira, waniulize kwa nini? Kama si yeye aliyefunga mvua, basi mwanangu kamsingizia mtu. Nilikuwa na wa kuchagua wawili."

Nimeishi na maneno hayo. Kuna miaka niliyomchukia mama kwa ajili yake, na kuna miaka niliyomshukuru, na mara nyingine yote mawili yananipata katika siku moja.

Jaribio langu la kwanza lilikuwa kutunga ubeti wa kumsafisha. Nilikuwa kidato cha nne, sasa nakaa bweni, niliutunga mwezi mzima, nikauleta nyumbani likizo. Ulisema kwamba wingu halina bwana, na fundi alikuwa anafyatua tu. Mama aliujaribu kwenye harusi moja, kwa ajili yangu. Kina mama waliitikia mara mbili, wakapoa. Nikawasikia wakiulizana huu unachekesha wapi. Walikuwa na haki. Mistari ile miwili ilikuwa na ucheshi na wepesi, mtoto aliweza kuibeba kwa kuisikia mara moja. Ubeti wa pili ulikuwa na ukweli tu, na ukweli ule ulikuwa mzito mdomoni. Mama aliukata mwenyewe akarudi kwenye nyimbo nyingine. Sikutunga tena. Nilipopata kazi ya kusoma matangazo niliona ni afueni, kwa kuwa maneno ni ya wengine na mimi naazimisha koo.

Basi ningekufa na mistari ile kimya kimya. Lakini mwaka huu nilipanda bodaboda kutoka kazini, kijana amefunga spika ndogo kwenye usukani, na nikasikia sauti ya mwanamuziki nisiyemjua, vinanda vya kompyuta, na katikati yake, kama kiitikio, mistari yangu miwili. Ile ile. Safari ya Kondoa na yote. Nilimwuliza kijana wimbo huo kautoa wapi. Akacheka, akaniambia, "Dada, huu unapigwa kila harusi mkoa huu. Umekuwa wapi?" Nilimwomba auzime na akanitazama kwenye kioo kama mtu aliyebeba kichaa.

Nilianza kumtafuta yule baba. Haikuwa kazi ngumu, na hilo liliniumiza zaidi, kwamba miaka yote ile haikuwa kazi ngumu. Mwanamke ninayenunua kwake mchele ana ndugu Bahi, na ndugu yake alimjua mtu wa Kondoa, mpole, amekuja zamani na mke na binti. Kabla ya kwenda nilifanya kitu nilichodhani ni cha busara. Niliomba chumba chetu kwa saa moja, nikamleta mama na ngoma yake, umri umekwenda ila mikono bado iko vizuri, tukarekodi ubeti mpya. Safari hii niliutunga kwa ujuzi wote wa kazi yangu. Ulikuwa mwepesi, ulikuwa na kicheko, na ulimtaja fundi wa tofali kwamba alisingiziwa na mtoto wa shule. Watu wa redio ninaowafahamu walikuwa tayari kuupiga. Nilitaka tu yeye ausikie kwanza, aukubali.

Nilimkuta mchana, nje ya nyumba ya miti na udongo kando ya mashamba ya mpunga, amepindua baiskeli ya mtu anakaza spoku. Mke wake alikuwa anapepeta. Nikawapa shikamoo, wakaniitikia marahaba na kunipa kigoda na maji. Nilijitambulisha kwa jina la kijiji na kwa mama yangu mpiga ngoma. Ungo wa mke ulisimama. Yeye aliendelea kukaza.

Niliomba radhi. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno mengi na yakatoka machache, mengine nikiwa nalia. Nilisema ubeti ulikuwa wangu, mama hakuutunga, wala hakuna aliyeniambia kitu juu yake. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza kitu ambacho sikukitegemea: ule ubeti ulikuwa unasemaje? Hakuwahi kuusikia wote. Siku ya harusi ngoma zilimzidi, siku ya ndoo alikuwa anatazama tofali, na baada ya hapo watu walikuwa wananyamaza akifika. Huu wa kwenye spika nao hajaupata vizuri, kijana anaimba haraka.

Kwa hiyo nilimwimbia. Nimesoma matangazo mbele ya watu wengi, na sijawahi kuionea aibu sauti yangu kama pale. Nikamwimbia polepole kwa Kigogo, kisha nikamweleza kwa Kiswahili. Akatabasamu kidogo penye wingu.

"Mtamu," akasema. "Kumbe ndivyo ulivyo."

Nikaona hapo ndipo mahali. Nikatoa simu, nikamwambia kuna mwingine, wa kumsafisha, utapigwa redioni watu wote wausikie. Ngoma ya mama ikalia pale uani. Hakungoja ufike nusu, aliniashiria kwa spana nizime.

"Hapa naitwa fundi baiskeli," akasema. "Sijashika tofali tangu nimekuja, na nyumba yangu unaiona. Fundi wa tofali wa kwenye wimbo hakuna anayemjua ni nani. Ukimtetea, wataanza kuuliza ni nani huyo anayetetewa."

Nilimwuliza kama nifute. Akasema futa. Nikamwonyesha kioo cha simu, nikafuta mbele yake, na nilipofika mjini nikafuta na wa kwenye kompyuta. Mama hajaniuliza umeishia wapi.

 Sikujua niondoke au nibaki, nikauliza habari za mtoto, yule aliyekuwa mdogo. Mke alichangamka. Ameolewa, akasema, mwezi uliopita, hapa hapa Bahi, na kijana mzuri mwenye mashamba. Alikuwa mdogo mno, hakumbuki kitu cha huko, na wao hawajamwambia. Harusi ilifana, spika mbili kubwa, watu walicheza mpaka asubuhi. Na wimbo ule ulipigwa, akaongeza akirudia kupepeta, unapigwa kila harusi.

Nikauliza wao walifanyaje.

"Tuliitikia," akasema. "Bibi harusi mwenyewe ndiye aliyeomba urudiwe."